Pete ya Mchanga

Dukani kwa Jicho neno "sijui" lilikuwa halijawahi kutamkwa. Watu walikuja na mikufu iliyokatika, hereni zilizopotelewa na wenzao, pete zilizogoma kutoka kidoleni, na pamoja na hayo maswali ya kila namna, na kila swali lilipata jibu kabla mwulizaji hajafunga mdomo. Dhahabu hii imetoka wapi? Jicho anajua. Kwa nini pete aliyonipa mchumba inanipaka weusi? Jicho anajua, na jibu la swali hilo liliwahi kuvunja uchumba wa watu. Jina lenyewe alilipata kwa kile kioo cha kukuzia alichokibana kwenye jicho la kulia kutwa nzima, hata ngozi ya pale ilikuwa imejikunja kukipa makao. Alikuwa sonara hodari, tusimnyime haki yake. Lakini uhodari wa mikono ni kitu kimoja, na kujua kila kitu chini ya jua ni kitu kingine, na yeye alikuwa hajawahi kuona mpaka kati ya hivyo viwili.

Kasoro hiyo isingemdhuru mtu kama shemeji yake naye asingekuwa na kasoro ya namna yake.

Shemeji, mume wa dada yake, alitunza stoo ya kampuni moja ya vipuri maisha yake yote ya kazi. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi hata siku ya mapumziko, na stoo ilikuwa imemfundisha sheria moja aliyoishika kama dini: mzigo mbovu haukataliwi kimya kimya. Unamwita aliyeuleta, unamwonyesha kasoro moja baada ya nyingine, ili safari ijayo alete mzigo ulio sawa. Kwa bolti na mikanda ya mashine hiyo ni hekima, na wala simcheki.

Sasa alikuwa amestaafu. Kiinua mgongo chake kilikuwa kimeshaingia, na kampuni ilikuwa inataka nyumba yake mwisho wa mwezi. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii, kwa sababu ya Dada. Dada ndiye aliyemlea Jicho mama yao alipofariki. Alifua nguo za watu ili mdogo wake apate kukaa kwa sonara mzee kujifunza kazi. Na huyo Dada, tangu azaliwe, hakuwahi kufunga mlango ulio wake. Alitoka chumba cha kupanga akaingia nyumba ya kampuni, na kote huko ufunguo ulikuwa na mwenyewe. Alikuwa ameona kijumba cha vyumba viwili, chenye mlango wa buluu, mtaa wa tatu kutoka sokoni. Alikwenda kukitazama mara nyingi, akisimama ng'ambo ya barabara kama mpita njia. Mwenye kijumba alikubali kuwasubiri hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo atampa mwingine. Kiinua mgongo kilitosha. Kilichobaki ni kulipa tu na kuingia.

Ndipo Shemeji akaja dukani na leso mkononi.

"Toa kioo chako, shemeji," alisema. "Leo nimekuletea kazi ya heshima."

"Kwani zile nyingine ni za aibu? Lete."

Ndani ya leso mlikuwa na sarafu tatu za fedha, nyeusi, zisizo duara kamili, zenye sura ya mfalme fulani mwenye pua ndefu. Shemeji aliinama, akashusha sauti ingawa dukani hakukuwa na mtu isipokuwa fundi viatu wa kibanda cha jirani, ambaye kila siku alikuja kunywea chai pale ili apate hadithi ya bure.

"Za meli iliyozama zama za matanga. Kuna mtu, mpiga mbizi, anazitoa mwenyewe chini. Ana sanduku zima. Wakusanyaji wa ng'ambo wanazigombania hizi. Nikilinunua sanduku nikauza nusu tu, dada yako analala kwenye nyumba ya vyumba vinne na baraza, siyo kile kibanda anachokililia."

Jicho hakupoteza muda. Aliweka ya kwanza kwenye mizani, kisha ya pili, kisha ya tatu, na sindano ya mizani ikasimama mahali pale pale kila mara. Akacheka kwa pua.

"Bahari haili kwa mizani, shemeji. Kitu kikikaa kwenye chumvi miaka yote hiyo, hiki kitatafunwa sana, hiki kidogo. Hizi zimegawiwa sawasawa kama uji wa gerezani." Kisha akabana kioo. "Na tazama hapa shavuni kwa mfalme. Kakwaruzwa. Na huyu naye kakwaruzwa, hapo hapo. Na huyu. Wafalme watatu, kinyozi mmoja! Za kweli ziligongwa kwa nyundo, moja moja, haiwezekani zikapata kovu moja. Hizi zimemiminwa kwenye kalibu moja, ni watoto wa tumbo moja."

Fundi viatu alipiga makofi. Shemeji naye alicheka, akashukuru, akafunga leso yake. Jicho alikaa siku ile nzima akiwa na raha moyoni.

Dada alipita jioni, kikapu mkononi.

"Nimesikia umemwonyesha," alisema.

"Nimemwonyesha, Dada. Bandia tupu. Kasoro zote kaziona kwa macho yake."

"Mimi sikukutuma umwonyeshe kasoro. Nilitaka umwambie aache."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

Dada alimtazama kama alivyomtazama utotoni alipokuja na magoti yenye damu akisema hakuanguka. "Siyo," alisema. "Wewe hupendi kusema neno moja. Ungemwambia 'acha', angeacha, maana anakuheshimu. Umempa masomo. Sasa anajiona mwanafunzi mzuri."

Jicho aliona dada yake anakuza mambo. Hakujua kwamba saa ile ile Shemeji alikuwa kwa mpiga mbizi, amenyoosha shati, akimweleza kwa adabu na kwa mpangilio: uzito umelingana, jambo ambalo si sawa; na shavu la mfalme lina kovu moja katika zote tatu. Mpiga mbizi alisikiliza kwa makini sana. Akasema hizo alipewa na kijana mmoja zikachanganyika na zake, akaomba radhi, akaahidi kuleta nyingine. Shemeji alirudi nyumbani ameridhika. Hivyo ndivyo mleta mzigo mwungwana anavyojibu.

Safari ya pili sarafu zilikuwa nne, na uzito wa kila moja ulikuwa wake. Mashavu ya mfalme yalikuwa safi. Siku hiyo duka lilikuwa na watu: mama mmoja aliyengoja mkufu wake uungwe, binti yake, na fundi viatu na kikombe chake, ambacho Jicho alikuwa ametoka kumgombeza kwa kukiweka juu ya kioo cha kabati la mapambo.

Jicho alikata limau, akasugua. Weusi ukatoka kwenye kitambaa kama masizi ya sufuria.

"Huu wamepaka," alisema. "Weusi wa bahari ni fedha yenyewe iliyogeuka, hautoki kwa limau. Na pita ukucha hapa ukingoni. Unasikia mstari? Hapo ndipo pande mbili za kalibu zilipokutana. Kitu kilichogongwa nyundo hakina mshono."

"Kwa hiyo ya kweli inakuwaje?" Shemeji aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anataka kujua, kama mtu anayeandika agizo la mzigo.

"Ukingo uliolika, wenye nyufa ndogo. Weusi usiotoka. Uzito mbalimbali."

"Na nini kingine?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema, hayo yanatosha. Angeweza kusema, shemeji, hata ikiwa na hayo yote mimi ni sonara tu, najua fedha, sarafu za kale sizijui. Lakini mama wa mkufu alikuwa amesogea kusikiliza, binti yake ametoa macho, na fundi viatu amesahau chai yake. Watu wanne walikuwa wanangoja. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Jicho aliwahi kumfundisha mtu methali hiyo.

"Kingine," alisema taratibu, "ni pete ya mchanga."

"Pete ya mchanga?"

"Sarafu ikilala chini ya bahari miaka mingi, ule upande uliolalia mchanga unaingia alama ya duara, hafifu sana, kama kivuli cha pete. Wajuzi wanaitafuta hiyo kwanza. Ukiona pete ya mchanga, usiulize tena."

Watu wakavuta pumzi. Neno lilikuwa zuri, yeye mwenyewe alilipenda lilipokuwa linatoka. Wiki ile alilirudia kwa wateja wengine, kila mara likiongezeka nyama kidogo, na hadi mwisho wa wiki alikuwa anakumbuka karibu kabisa sauti ya yule sonara mzee ikimfundisha.

Safari ya tatu Shemeji aliweka sarafu moja tu juu ya kabati.

Jicho aliipima. Ilikuwa nyepesi, imeliwa. Akasugua limau, kitambaa kikatoka cheupe. Akapitisha ukucha ukingoni. Hapakuwa na mshono, palikuwa na nyufa ndogo ndogo kama za kisigino cha mtembea peku. Akaikwaruza kidogo akadondosha tindikali, na fedha ikajibu kwamba ni fedha. Kisha akaigeuza. Upande wa nyuma, hafifu, kama kivuli, palikuwa na duara.

Nisiwafiche, alikaribia kulia. Mtu akisema jambo na dunia nzima ikamjibu kwamba ni kweli, hiyo si furaha ndogo.

"Halisi," alisema. "Shemeji, hii ni halisi. Pete hii hapa. Njooni muone pete ya mchanga!"

Wapita njia waliingia. Kioo kilizunguka kutoka jicho hadi jicho. Shemeji alimkumbatia juu ya kabati mpaka mizani ikaanguka.

"Nitamwambia alilete sanduku nyumbani kesho asubuhi," alisema. "Dada yako ataacha kununa."

Alasiri hiyo fundi viatu alirudi na chai yake. Safari hii alikishika kikombe mkononi, maana somo la kabati alikuwa amelipata. Jicho alikuwa bado anasimulia, ingawa wasikilizaji walikuwa wamekwisha.

"Lakini hii pete ya mchanga," fundi viatu alisema, "nani alikufundisha?"

"Si yule mzee wangu, sonara."

"Yule mzee? Mimi namkumbuka. Si alikuwa haoni hata pesa ya kawaida, unamsomea wewe?"

"Basi nilisikia kwa…" Jicho alisimama.

"Mimi nilidhani umetunga," fundi viatu alisema bila ubaya wowote. "Maana siku ile ulipoisema ulikuwa unakitazama kikombe changu. Nilikiinua, kikaacha duara la chai kwenye kioo chako, ukalitazama, ukasema pete. Nikasema moyoni, sasa huyu atanigombeza tena."

Jicho alitazama kioo cha kabati. Kilikuwa safi, amekifuta mwenyewe. Akaanza kutafuta kichwani mahali alipoisikia pete ya mchanga kabla ya siku ile. Alitafuta kwa yule mzee, kwa wateja, redioni, kwa kila mtu aliyewahi kumwambia neno juu ya fedha, na kote huko hakuikuta. Palikuwa na duara la chai, na watu wanne wakimngoja afungue mdomo.

Kama pete hiyo haikuwepo duniani ila mdomoni mwake, basi mtu aliyeiweka kwenye sarafu aliitoa mdomoni mwake. Alielewa mara moja kilichotokea tangu mwanzo: limau, mshono, mizani, kila alichokisema kilitembea hadi kwa mpiga mbizi kikarudi kimefanyiwa kazi. Alikuwa amemfundisha mwizi wizi, hatua kwa hatua, bila hata kumtoza ada.

Usiku huo alilala macho wazi, na asubuhi mapema alikuwa jikoni kwa dada yake. Maboksi yalikuwa yamepangwa ukutani tayari kwa kuhama. Shemeji alikuwa amevaa shati jeupe, na chini ya kiti chake, katikati ya miguu, palikuwa na mkoba. Mkoba huo ulikuwa umebeba kiinua mgongo chote.

"Shemeji, ile sarafu ni bandia."

Shemeji alimtazama kama mtu aliyesikia mbwa akiongea. "Jana umesema halisi. Mbele za watu."

"Nilikosea. Ile pete ya mchanga haipo. Niliitunga."

"Uliitunga vipi? Nimeiona. Wewe umeiona. Mtaa mzima umeiona."

"Nimeitunga mimi, dukani, kwa sababu uliniuliza kingine ni nini, na watu walikuwa wananitazama, na mimi…" Kulikuwa na neno moja tu la kusema na halikuwa na mazoea ya kupita mdomoni mwake. "Na mimi sikujua. Nilikuwa sijui, nikasema tu."

Dada aliacha kufuta sufuria.

"Sasa nisikilize," Shemeji alisema kwa sauti ya stoo. "Mtu hatungi kitu kikawepo. Umekisikia mahali ukasahau. Au Mungu alikuwekea mdomoni. Lakini kitu kipo."

"Kipo kwa sababu wewe ulimwambia!"

"Nilimwambia, ndiyo. Kila kitu nilimwambia. Ulitaka nimkatalie mtu mzigo nisimwambie kasoro yake? Mimi si mhuni." Alisimama. "Nimekaa stoo miaka yote ile, watu wananiita bwana bolti. Safari moja tu maishani nimepata kitu kikubwa, na wewe, uliyelelewa na mke wangu, unakuja asubuhi asubuhi kukizimisha. Nilidhani una jicho, kumbe una kijicho."

Neno hilo lilimchoma Jicho. Na lililomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na kitu cha kumwonyesha. Mara zote alikuwa na kitu cha kuonyesha: mshono, kovu, sindano ya mizani. Leo alikuwa na neno lake tu, na neno lake ndilo alilokuja kulikana. Alimgeukia dada yake. Dada alikuwa anatazama jiko.

Mlango wa mbele ukagongwa, na Shemeji akabeba mkoba wake kwenda sebuleni kufungua, Jicho nyuma yake.

Mpiga mbizi alikuwa mtu wa sauti laini na viatu safi. Aliingia na sanduku dogo lililoviringishwa gunia bichi, lenye harufu ya chumvi. Akamwamkia Shemeji kwa heshima, akampa Jicho mkono wa kumthamini sana. "Fundi," alisema, "nimesikia habari zako. Watu kama nyinyi mmebaki wachache." Jicho alitamani ardhi ipasuke.

Sanduku likafunguliwa. Sarafu zilikuwa zimejaa, nyeusi, zimeliwa kingo, na kila moja nyuma yake ilikuwa na kivuli cha pete. Shemeji alishusha mkono kuelekea mkoba.

Dada aliingia na chai. Alimwekea mgeni kikombe mbele yake, akabaki amesimama na sinia mkononi.

"Karibu, baba. Unisamehe, mimi ni mtu wa jikoni, mambo haya siyajui. Lakini huyu mdogo wangu alinieleza jambo moja nikalishika."

Jicho aliinua kichwa. Hakuwa amemweleza jambo.

"Alisema za pete ni nzuri," Dada aliendelea, "lakini zenye bei kweli kweli ni zile ambazo kando ya pete zina vidoa vitatu, vimekaa kama mafiga. Eti hizo ndizo mama wa zote. Mume wangu alitaka kukuuliza, anaona haya. Huna hizo?"

Shemeji alimtazama mkewe. Mkono ulisimama nusu ya njia. Alikuwa amekaa na mwanamke huyu umri mzima. Alijua kwamba tangu alfajiri hakutoka jikoni, na kwamba alichokuwa anakitazama muda wote wa ugomvi ni mafiga matatu na majivu yake.

Mpiga mbizi aliweka kikombe chini. Akatabasamu taratibu, kama mtu anayekutana na ndugu ugenini.

"Mama, umenishangaza," alisema. "Mafiga! Ndivyo hasa wazee wetu wa kuzamia wanavyoziita. Ni adimu sana. Katika sanduku zima nilizikuta chache tu, nikaziweka kando, maana si kila mnunuzi anazijua. Nipeni siku chache, nitazileta."

Chai ilitoa moshi. Shemeji alikuwa anaitazama meza. Kisha akafunga sanduku kwa mikono yake miwili, kwa uangalifu, akalisogeza.

"Chukua mzigo wako," alisema.

"Mzee?"

"Chukua mzigo wako."

"Kuna kasoro gani, mzee wangu? Wewe huwa unaniambia. Niambie tu, mimi nitaona cha kufanya."

Shemeji alifungua mlango akasimama kando yake. Midomo ilijikaza kama ya mtoto anayekataa dawa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kukataa mzigo bila kutoa sababu, na ilionekana kwamba inamuuma kama jino. Mpiga mbizi alingoja, akaona hapati kitu, akabeba gunia lake akatoka na viatu vyake safi.

Shemeji alirudi kitini. Hakumtazama Jicho wala hakumshukuru mkewe. Aliuvuta mkoba akaupakata, akakaa hivyo. Bega lake la kushoto lilikuwa linatetemeka, na Jicho alielewa kwamba anajizuia kulia mbele ya shemeji yake, kwa hiyo akamfuata Dada jikoni.

Dada alikuwa ameshika ukingo wa beseni kwa mikono yote miwili.

"Ulinisadiki," Jicho alimwambia.

"Nilikusadiki. Mtoto niliyemlea akisema sijui, hajaisema kwa mchezo." Aligeuka, na macho yake yalikuwa makali kuliko Jicho alivyotegemea. "Lakini usinishukuru. Nimetunga uongo nimesimama na sinia mkononi, na umenitoka kama maji. Nikaona jinsi mgeni alivyoukumbatia. Sasa najua raha unayoisikia kila siku pale dukani kwako. Ni mbaya sana, raha hiyo."

Jicho alichukua kitambaa, akaanza kuifuta ile sufuria aliyoiacha.

Mwisho wa mwezi walihamia kwenye kijumba chenye mlango wa buluu. Jicho alifunga duka akaja kusaidia. Kwa muda wote huo alikuwa anafanya mazoezi. Mteja akiuliza kitu asichokijua, alilazimisha ulimi: sijui, mama, hilo sijui, mzee. Wengine walicheka wakidhani ni utani. Fundi viatu alihama na chai yake kwenda kwa kinyozi, akisema pale siku hizi hakuna hadithi. Lakini Shemeji alikuwa hajamwuliza kitu tangu siku ile, hata saa ngapi. Jicho alikuwa ameliweka neno tayari kwa ajili yake. Alitaka kumwambia mara moja tu, uso kwa uso, swali lolote: shemeji, hilo sijui. Aliona kwamba wakifika hapo watakuwa wamepatana.

Dada alikuwa wa kwanza mlangoni. Aliingiza ufunguo, akafungua, akafunga, akafungua tena. Akacheka peke yake, akafunga mara nyingine, na watu wote wakangoja na mizigo vichwani bila kumharakisha.

Shemeji aliinama akakipapasa kitasa. Kilikuwa cha manjano, kinang'aa.

"Hiki ni shaba," aliuliza, "au ni chuma kilichopakwa?"

Jicho alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika upande mmoja wa kabati. Hakuhitaji hata kioo. Karibu na tundu la ufunguo rangi ilikuwa imechubuka, na chini yake palikuwa na kijivu cha chuma na doa la kutu. Katika maswali yote ambayo Shemeji angeweza kuuliza, aliuliza lile ambalo Jicho alilijua kweli.

Lakini Shemeji alikuwa amemgeukia mpagazi, aliyeshika upande wa pili wa kabati.

"Shaba, mzee," mpagazi alisema. "Shaba tupu."

"Nilijua," Shemeji alisema, na uso wake ukalainika. Akakipiga kitasa kofi dogo la furaha, akampisha mkewe aingie.

Jicho alivuta pumzi, akainua upande wake wa kabati, wakaliingiza ndani.